Gari la Staa Halikulogwa Sumbawanga, Wishiboni Ndiyo Iliyopinda

Video bado ipo hewani. Staa wa Bongo Fleva, jina linahifadhiwa, yule wa miwani ya njano mwenye ngoma mbili ambazo hata bodaboda wa Kizwite wanaziimba, amekaa nyuma ya usukani wa Crown nyeupe. Anaachia mikono. Gari linakula kushoto taratibu, linatafuta mtaro. Anageukia kamera na kukunja uso: "Wanangu, Sumbawanga wamenitupia kitu. Jana usiku tumempita bibi mmoja pale baada ya Laela, macho mekundu, kapu mkononi. Hatujamaliza hata mita mia, puu! Tangu hapo ndinga hainitii."

Watu wakafurahi kama wamepewa vocha. Utani wa radi ukaanza upya, ule ule wa miaka yote, kwamba Sumbawanga ukimkanyaga mtu mguu jioni unapigwa radi ya mchana kweupe. Wengine wakamshauri staa aoge maji ya chumvi. Mmoja akaandika kwamba gari lichinjiwe jogoo mwekundu. Wawili watatu wakataka kujua huyo bibi anakaa kijiji gani hasa.

Hao wawili watatu ndio wa kuogopa, na kwao stori itarudi. Kwanza ile puu.

Ile puu ilikuwa jiwe. Dereva wa staa, kijana aliyeendesha usiku ule kutoka Mbeya kupitia Tunduma, aliliona likiwa limeshachelewa kuonekana. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, katikati ya njia ya kushoto, na hatua chache nyuma yake matawi ya mti yametandikwa lami. Majani ya matawi yale yalikuwa yameshakauka, na mtu anayezijua barabara za nchi hii hahitaji kuambiwa zaidi. Kuna lori liliharibika pale siku kadhaa nyuma. Utingo akakata matawi yawe alama, akapanga mawe, akaweka na mengine nyuma ya matairi lisirudi. Lori likapona, dereva akapiga honi, utingo akadandia, wakaondoka zao. Mawe yakabaki kumsubiri mtu mwingine.

Kijana alitaka kusimama. Alisema, "Bosi, tuangalie chini, hiyo sauti siyo ya tairi peke yake." Bosi akajibu kwamba watu wanasubiri shoo. Wakaenda. Kuanzia hapo hadi Sumbawanga mjini usukani ulikuwa umekaa upande, ukitaka gari linyooke unaukunja kulia kidogo. Abiria watatu walikuwa ndani, wawili wamelala.

Sasa hapo uchawi uko wapi? Crown ile ilikuwa imeshushwa. Springi zimekatwa ili gari lilale chini lipigwe picha, matairi membamba ya rimu za inchi 18, ubavu wa tairi umebaki kama ukanda wa suruali. Gari la namna hiyo limepunguziwa vitu vyote viwili vinavyopokea kipigo kabla ya chuma: mpira wa tairi na nafasi ya springi kujikunja. Ongeza mwendo. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, nguvu linayobeba si mara mbili ya ile ya kilomita 50, ni mara nne. Kipigo chote kile kilipita kwenye rimu, kikaingia kwenye nako, kikatafuta kitu dhaifu cha kupinda. Kikakipata.

Wazee wa mkoa wanakumbuka barabara hii ilivyokuwa ya vumbi, unaondoka Tunduma mzima unafika Sumbawanga rangi ya tofali. Mwezi Februari 2008 Rais Kikwete na Rais Bush walikuwa Dar es Salaam kutia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698 za Marekani, na ndani ya fedha zile zilikuwemo kilomita zaidi ya 220 za Tunduma hadi Sumbawanga. Lami ikaja, na heri ilivyokuja, mahindi ya Ufipa yanafika sokoni. Ila enzi za vumbi jiwe ulilifuata kwa mwendo wa baiskeli, ukalizunguka. Siku hizi unalikuta una mwendo wa ndege.

Asubuhi baada ya shoo, baridi ya uwanda wa Ufipa ikiuma mpaka kwenye kucha, kijana akaipeleka Crown kwa fundi mmoja Kizwite. Hana bango, hana ukurasa wa mtandaoni. Ana jeki, mtaimbo, futi ya chuma na mpira wa uzi wa fundi ujenzi. Alichofanya kwa nusu saa kinastahili kusimuliwa chote, maana ndicho ambacho staa hakutaka kukisikia.

Hakushika spana. Kwanza aliliegesha gari kwenye usawa, usukani umenyooka, akalizunguka na futi. Upande wa kulia akapima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Upande wa kushoto akapima hivyo hivyo. Kushoto kulikuwa kufupi. Maana yake tairi la mbele kushoto lilikuwa limesukumwa nyuma, kuelekea mlangoni. Akaingiza vidole kati ya tairi na bodi: kulia vinne vilipita bila shida, kushoto vilikwama. Halafu akafunga uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akachuchumaa na kufumba jicho moja. Kijana naye akachuchumaa. Tairi la kushoto lilikuwa linatazama nje kama mtu anayechungulia dirishani.

Ndipo akaweka jeki. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa: kuna mchezo, na sauti ndogo ya "tok". Akashika kushoto na kulia: pametulia, kwa hiyo tairodi na ncha ya stelingi zilisalimika. Akaingiza mtaimbo chini ya tairi, akanyanyua taratibu huku mwenzake akiangalia boljointi ya chini kwa tochi. Boljointi ilikuwa inapanda na kushuka ndani ya kikombe chake, na mpira wake umepasuka, grisi imemwagika. Akazungusha tairi: rimu ilikuwa inayumba, na kwenye ubavu wa ndani wa tairi, ule usioonekana ukiwa umesimama nje kupiga picha, kulikuwa na kinundu cha ukubwa wa limau. Kinundu kile ni nyuzi za ndani zilizokatika. Tairi la hivyo haliulizwi litapasuka au halitapasuka, linaulizwa siku gani.

Mwisho akafananisha wishiboni mbili, ya kulia na ya kushoto. Ya kushoto ilikuwa na mkunjo, na rangi imebanduka pale ilipokunjika, chuma kipya kinang'aa chini yake. Akamulika na bolti za fremu ndogo inayobeba injini, kuona kama kuna mahali pamesogea na kuacha alama. Pale palikuwa salama.

Jibu lake lilikuwa fupi: wishiboni ya chini kushoto, boljointi, tairi, rimu moja. Shokapu nzima, isiguswe. Baada ya hapo gari likapimwe alaimenti kwa mashine, na karatasi ya vipimo ije mkononi. Akamwambia kijana, "Mdogo wangu, gari hili lisitoke hapa. Hiyo boljointi inashikilia kwa huruma tu."

Kijana akapiga simu. Staa, ambaye usiku ule alivaa jukwaani viatu vyenye bei kuliko wishiboni mbili za mtumba, akasema fundi wa mikoani anataka kumpiga. Akampigia mtu wake Dar, "daktari wa magari" mwenye wafuasi wengi. Daktari akasikiliza sauti ya gari kwa simu ya video, akatoa hukumu akiwa umbali wa nchi nzima: shokapu zimekufa, badilisha za mbele zote mbili.

Hapa ndipo penye ugonjwa wa Bongo wenyewe. Kila gari linalogonga chini ni shokapu. Likivuta upande, shokapu. Likipiga kelele kwenye tuta, shokapu. Ukimuuliza anayesema hivyo kazi ya shokapu ni nini, anaanza kukohoa. Kwenye Crown ya staa, shokapu kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Haichagui tairi litazame wapi, hiyo ni kazi ya wishiboni, ya juu na ya chini. Kwenye IST au Vitz mambo ni tofauti kidogo, kule mbele shokapu yenyewe ndiyo nguzo iliyoshika tairi, ikipinda inalaza tairi kweli. Lakini hata hapo inapimwa, inafananishwa na ya upande wa pili. Haihukumiwi kwa simu.

Basi wakaleta shokapu mbili. Fundi wa Kizwite akakataa kuzifunga, akafungwa mdomo, gari likahamishiwa kwa mwingine ambaye hakukataa. Huyo wa pili alifanya kitu kibaya zaidi ya kutokujua. Alizungusha tairodi mpaka usukani ukakaa katikati. Staa akaendesha mtaa mmoja, akaachia mikono, gari likanyooka kidogo kuliko jana, akapiga kidole gumba. Wishiboni ilikuwa bado imepinda, boljointi bado inacheza, tairi bado lina kinundu. Kilichobadilika ni kwamba dalili ilifichwa. Ni sawa na mgonjwa wa malaria aliyepewa feni.

Ndiyo sababu karatasi ya mashine ina maana, tena iwe ya kabla na ya baada. Tairi kutazama ndani au nje kunarekebishika kwa tairodi na kila mtu anaweza kudanganya nako. Mlalo wa mguu, ule wa mbele na nyuma, kwenye magari mengi haudanganyiki kirahisi hivyo. Kushoto ukisoma tofauti kubwa na kulia baada ya gari kugonga jiwe, kuna chuma kimepinda mahali, hata fundi aape kwa jina la mama yake.

Siku ya tatu wakaanza safari ya kurudi. Wakapita kituo cha mafuta kujaza. Kijana alikuwa anatoka kituoni, kasi ya mtu anayetembea, anakata kona kuingia barabarani, ndipo boljointi ilipochomoka. Tairi la kushoto likajikunja kwa nje, bodi ikalala chini, Crown ikachora mstari kwenye lami na kusimama. Hatua nne mbele yake alikaa mama anayechoma mahindi, na mtoto mgongoni.

Hakuna aliyeumia. Kama boljointi ingevumilia nusu saa zaidi, ingechomokea kwenye kasi ya 100, na pembeni ya barabara ile kuna watoto wanaotoka shule, wanawake wenye kuni, vijana wenye baiskeli zilizopakia magunia ya mkaa. Staa alishuka, akatazama tairi, akatazama simu yake. Halafu akafanya mambo mawili. Akamfukuza kijana palepale, mbele ya watu, kwamba ndiye aliyevunja gari, na malipo ya safari akayazuia "mpaka gari lipone". Na jioni akaweka video ya pili, fupi: "Nimewaambia nyie. Hawa watu hawataki nitoke."

Hapo kicheko kinatakiwa kiishe. Kukata springi ni ujinga wa mtu na gari lake. Kumpuuza fundi ni hasara ya mfuko wake. Lakini kumtaja bibi wa macho mekundu, mahali na saa, mbele ya maelfu ya watu, ni kitu kingine. Tanzania hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mwaka baada ya mwaka, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji hayo kwenye ripoti zake. Wengi wao kosa lilikuwa macho mekundu, na macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo ipo vitabuni hadi leo, inambana hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Bibi aliyekuwa anarudi nyumbani na kapu lake hakujua kwamba kuna kijana wa mjini amempa kazi ya kupindisha chuma.

Na jina la mji wenyewe! Wafipa huulizwa kila siku maana ya Sumbawanga, na wazee hujibu kwamba ni amri: tupa uchawi. Mtu anaingia kwenye mji ambao jina lake linamwambia autupe, yeye anaufungua kwenye buti ya gari na kuusambaza kwa bando la jioni.

Watetezi wa staa wana hoja yao, na isikilizwe. Wanasema ni kiki tu, sanaa, kila mtu anajua anatania. Sawa. Wale waliotaka kujua kijiji cha bibi nao walikuwa wanatania? Wanasema pia kwamba kosa ni la barabara, siyo la staa. Hapo wana nusu ya ukweli, na nusu hiyo wangeipigia kelele wangesaidia watu. Kwa nini dereva wa lori la tani 30 ana redio kali, ana taa za rangi mbele, hana pembetatu mbili za kuakisi mwanga? Trafiki wanaziuliza, stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama inabandikwa kiooni, lakini lori likiharibika usiku zinatoka mawe na matawi. Haya, tuseme pembetatu ziliibiwa. Kuyatoa mawe baada ya kutengeneza kunahitaji nini? Hakuna spea inayoagizwa Dubai hapo. Ni kuinama. Wenye malori wanaowapa utingo amri ya kuwahi mzigo wanajua kabisa nini kinaachwa nyuma, na staa mwenye wafuasi wote wale angewashika shati hao. Akaona rahisi kumshika bibi.

Wapo na mafundi wa kushikwa shati. Yupo anayepasha wishiboni moto kwa gesi, anainyoosha kwa nyundo, anapaka rangi nyeusi na kuirudisha. Chuma kilichopinda kwa kipigo kikapashwa kikanyooshwa kimeshapoteza ugumu wake, na kama wishiboni ni ya aluminiamu ndiyo kabisa, inakuja kukatika bila kuaga. Yupo anayechomelea boljointi kwenye kikombe chake. Yupo anayechonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu. Halafu yupo anayefunga kitu kipya vizuri lakini anakaza bolti za bushi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, likishuka chini mpira unajisokota, baada ya miezi michache bushi imechanika na mteja anaambiwa spea ni feki. Bolti zile zinakazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Yule wa Kizwite alishusha gari kwanza, akajipenyeza chini akilala kwenye gunia, ndipo akakaza.

Ndiyo, ni yeye aliyelitengeneza mwishowe. Crown ilirudishwa kwake imebebwa. Wishiboni ya mtumba ilitoka Mbeya kwa basi, boljointi mpya, pini mpya kwenye nati, tairi na rimu. Shokapu mbili za zamani, ambazo hazikuwa na kosa, zilikuwa zimeshauzwa na yule fundi wa pili. Staa hakusubiri, alipanda basi la usiku na kofia imeshushwa hadi puani. Gari lilifuatwa na dereva mwingine, lilipopimwa kwenye mashine likatoka na vipimo vinavyolingana kushoto na kulia, likarudi Dar kimya kimya. Usukani katikati. Hakuna jogoo aliyechinjwa.

Karatasi ile ya vipimo haijawekwa kwenye ukurasa wa mtu yeyote. Wishiboni iliyopinda imening'inizwa kwenye msumari pale kwa fundi Kizwite, mwenye chuma chakavu amekuja mara mbili kuinunua na amekataliwa. Kijana aliyeendesha usiku ule anabeba abiria kwa Noah ya mtu, na akikuta jiwe njiani anawasha hazadi, anashuka na kulisukumia mtaroni huku abiria wakimlalamikia kwamba anawachelewesha. Hela yake ya safari hajalipwa. Video zote mbili bado zipo.